Mwanasesere wa Kemuma

Kijiwe chetu kiko Manga, njia inapoanza kushuka ukingo, mbele ya kibanda cha Hafiz wa kahawa. Mimi wananiita Shemasi, na nakiri benchi hili nalipenda kuliko maombi ya Jumatano, Mungu ananijua. Ijumaa hiyo ukungu ulipanda mapema, tukabaki watatu: mimi, Ogoti tunayemwita Wakili kwa vile hajawahi kushindwa maneno, na Momanyi, Dakta, aliyewahi kufagia hospitali. Tulikuwa tukipanga Siku ya Familia ya kanisa letu la Wasabato, Jumapili. Kila mtoto atengeneze, kwa maganda ya mgomba, mwanasesere wa marehemu ambaye amerithi jina lake, na mama yake apike chakula alichopenda huyo marehemu. Wazo lilikuwa langu. Ndipo Roda, mama wa kanisani kwetu, akafika na mfuko, akatoa mwanasesere, akamweka benchini katikati yetu.

— Shemasi, niambie kama nimchome.

— Kwani ni nani huyu?

— Ni dada yangu Kemuma, aliyepotelea Uarabuni. Ametengenezwa na binti yangu mwenye jina lake. Tazama mgongoni.

Mgongoni alikuwa amefungwa mtoto.

— Kemuma aliondoka hana mtoto, Roda akasema. Nimemuuliza binti yangu, ananiambia, "Anti anaye. Tumpikie uji wa wimbi, huyo mdogo bado hana meno."

Dakta akapuliza kahawa yake.

— Hiyo ni damu tu. Damu ya ukoo ina mtandao wake, hata bando haihitaji.

— Wacha hizo, buda, Wakili akasema. Mtoto anapenda watoto. Kesi imekwisha.

— Na maganda aliyatoa kaburini, Roda akasema.

Mwili wa Kemuma haukurudi, kwa hiyo tulizika shina la mgomba mahali pake, wazee walivyoelekeza, na binti wa Roda alipozaliwa akapewa jina la Kemuma.

— Lile shina limechipuka, Roda akaendelea. Sasa lina kachipukizi ubavuni.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, Dakta akanong'ona.

— Upwa ndio nini? nikauliza.

— Ni kaburi la zamani.

Nilicheka, nisamehewe, maana si pahali pa kucheka. Wakili hakucheka.

— Sikilizeni. Mmemwita kwa jina, mkamwahidi chakula. Marehemu akialikwa haji peke yake. Jumapili watakuja wote, wa kila mtoto, wakae nyuma ya watoto wetu. Tutapakua, na sufuria zitakuwa tupu kabla mtu hajala.

— Yaya, hapana! nikasema. Wafu hawajui neno lolote. Imeandikwa.

— Basi mbona umemkimbia?

Kweli, nilikuwa nimesogea hadi mwisho wa benchi bila kujijua.

— Binti yangu halali bila huyu, Roda akasema. Anamfunika blanketi. Nikimchoma, sijui nitamwangaliaje mwanangu. Nisipomchoma, sijui nimeleta nini nyumbani. Semeni basi!

— Choma, Dakta akasema. Choma sasa, kabla Sabato haijaingia.

— Choma, Wakili akaunga. Dawa ya moto ni moto.

Hafiz akavuta jiko la makaa karibu. Roda akanitazama mimi. Nami, kwa woga wangu, nilishafungua kinywa kukubali, aliposema Janat, mama wa kutukodishia viti vya Jumapili, kutoka Kisii mjini. Alikuwa ameshuka kwenye boda boda muda si mrefu, amesimama na kikombe chake akitusikiliza.

— Samahani, mimi mgeni. Huyo dada, nani aliwaambia amekufa?

Roda akageuka.

— Simu yake ilizimika. Halafu baba akaja na habari. Aliipata kwa Wakili.

— Mimi niliisikia kwa Dakta, Wakili akasema.

— Mimi kwa Hafiz, Dakta akasema.

Hafiz alisimama na birika mkononi.

— Kwangu? Mimi niliwasikia ninyi, hapa hapa, mkisema "huenda amekufa."

Ukungu ulikuwa umefika miguuni. Roda alimwinua mwanasesere pamoja na mtoto wake, akawafunga mgongoni kwa leso, polepole, kama anayeogopa kuwaamsha, akashuka njia bila kuaga. Hafiz akauliza nani aongezewe. Kila mmoja alikuwa amefunika kikombe kwa kiganja.