Shemasi Anatafuta Karatasi ya Talaka

Pale Mabatini, barabara inapopinda kulikwepa jiwe kubwa ambalo hata tingatinga lilishindwa kulisogeza, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Kila asubuhi Luhaga hutua hapo jiko lake la mkaa na birika la kahawa, na kabla maji hayajachemka benchi limeshajaa. Otuoma hukaa upande wa tofali kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Wanamwita Wakili, jina alilolipata kwa kuuza soda miaka saba nje ya geti la mahakama. Ng'washi, dalali wa ng'ombe, ni Mnada, kwa sababu hajui kusema kwa sauti ya chini. Elias ni Satelaiti: hakuna jambo lililowahi kutokea Mwanza ambalo yeye hakuliona kwa macho yake. Wa nne hakai kwenye benchi. Huyo ni Josephat, fundi viatu, mwenye kigoda na mwavuli wake hapo pembeni, na kwa kuwa hashiki sindano kabla ya kuinamisha kichwa na kusali, wamempa jina la Shemasi, ingawa kanisani kwake kazi yake ni kupanga viti tu. Jumatano hiyo Shemasi alikuwa amebakiwa na siku kumi na moja. Asipomkabidhi mchungaji nakala ya hukumu iliyovunja ndoa yake ya kwanza kufikia Jumapili ya wiki ijayo, tangazo la ndoa yake na Sabina halitasomwa. Na Sabina, mjane mwenye akili zake timamu, alikwisha kusema kwamba hatangoja tangazo la pili.

— Jana umekwenda tena? Wakili aliuliza, akipuliza kikombe.

— Nimekwenda. Mara ya pili hii. Karani wa masijala, binti mstaarabu kabisa, kanifungulia rejista za miaka mitatu mbele ya macho yangu. Elfu mbili na kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Josephat Machibya, mdai, hayumo.

— Hayumo vipi na talaka ulitoa wewe mwenyewe?

— Hayumo, mzee wangu.

Wakili aliweka kikombe chini, kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru kwa kazi kubwa.

— Sikiliza. Mimi mambo ya mahakama nimeyaishi. Serikali si ilihamia Dodoma? Wewe ulidhani ilihama na viti na mapazia tu? Ilihama na majalada. Talaka zote za kabla ya kuhama ziko Dodoma, kwenye ghala moja, zimepangwa kwa makabila.

— Kwa makabila! Luhaga alicheka akimimina.

— Wewe mimina kahawa. Wasukuma wana chumba chao peke yao kwa sababu ya wingi.

— Wingi wa watu au wingi wa talaka? Mnada alikuja juu. Wewe Mjaluo usitutafutie ugomvi asubuhi! Tena Shemasi nakushangaa. Unahangaika na karatasi kana kwamba hukuzaliwa Usukumani. Talaka si karatasi. Talaka ni ng'ombe. Nikuulize, ng'ombe walirudi?

Josephat alikuwa anashona soli ya kiatu cha shule. Alivuta uzi, akauvuta tena ingawa ulikuwa umeshakaza.

— Hawakurudi.

— Hata mmoja?

— Hata ndama.

— Ngoja kwanza. Mnada alisimama kabisa. Mwanamke anakimbia na dereva wa lori, mume anampa talaka, halafu ng'ombe wanabaki kwa baba wa mwanamke? Mimi nimekaa minadani miaka thelathini, hiyo sijaisikia. Ng'ombe wanabaki ukweni pale mume akionekana yeye ndiye mkosaji.

— Niliwasamehe, Josephat alisema.

Benchi zima liliguna kwa heshima. Wakili alivua kofia.

— Mnaona? Ndiyo maana tunamwita Shemasi. Wangekuwa wa kwangu ningewafuata mpaka zizini kwa mkwe, na mbwa wake ningemchukua.

Sindano ilimwingia Josephat kidoleni. Alikinyonya kile kidole kimyakimya. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameusimulia uongo huo bila kuchomwa na kitu, na sasa, Mungu atusamehe sote, alikuwa ameuongezea chumba kingine papo hapo, mchana kweupe, akiwa bado na Amina ya sala ya asubuhi mdomoni.

— Lile lori mimi niliona, Satelaiti alidakia. La bluu. Wilhelmina kakaa mbele, kavaa kitenge cha njano. Nikajisemea, lahaula, mke wa watu huyo! Sasa Shemasi, nikwambie jalada lako liko wapi? Limeshaliwa.

— Na mchwa?

— Na watu! Mimi hapa nimekula karanga zilizofungwa kwenye hukumu. Nilisoma mpaka mwisho. Mirathi ya mtu, watoto tisa, nyumba moja. Karanga zilikuwa na chumvi nyingi lakini kesi ilikuwa tamu.

— Basi dawa yake ni kiapo, Wakili alisema. Unaapa mbele ya hakimu kwamba huyo mwanamke hukuwahi kumwoa.

— Nina watoto wawili naye, mzee.

— Unaapa kwamba uliwaokota ziwani.

— Acheni upuuzi! Mnada alipiga paja. Mimi nimeshapata. Iko moja tu, na ni ya uhakika. Mtafute Wilhelmina. Mwoe tena.

— Eh?

— Mwoe tena! Wiki moja tu. Kisha mwachane upya, kwa utaratibu, mpewe karatasi mpya yenye muhuri ambao haujakauka. Jumapili unampelekea mchungaji.

— Na Sabina nimwambie nini?

— Mwambie umesafiri kikazi.

Hapo kilisikika kicheko ambacho hakikuwa cha mtu wa benchi. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amesimama nyuma ya mwavuli, ndoo tupu ya dagaa kichwani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, mkanda umekatika.

— Shikamoo mzee, alimwambia Wakili. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Fundi, nisaidie huu mkanda, nimetoka nao Pasiansi ukiwa mzima, umenifia hapo kwenye mawe. Naitwa Dorcas.

— Marahaba, binti. Kaa. Umesikia tatizo la mwenzetu?

— Nimesikia tangu kwenye makabila.

Alikaa penye nafasi ya Mnada aliyekuwa bado amesimama, akapokea kikombe cha Luhaga, akanywa taratibu. Josephat alianza kutoboa mkanda.

— Mimi yangu niliipata kwa siku nne, Dorcas alisema.

— Yako nini? Satelaiti aliuliza.

— Nakala ya talaka. Nilikuwa nataka kiwanja kiandikwe jina langu, wakasema wanataka kuona kama nina mume. Nikaandika barua kwa hakimu mfawidhi, yaani mkuu wa ile mahakama ya mwanzo iliyotuachanisha. Jina langu, jina la yule bwana, mwaka, na nakala naiombea nini. Nikapewa namba ya malipo, nikalipa ada, nikaambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa nikaichukua na muhuri wake. Kurasa sita.

Lilikuwa jibu fupi mno kwa watu walioanza kujadili tangu saa kumi na mbili.

— Ulikuwa na namba ya shauri, Wakili alisema kwa uhakika. Bila namba haiwezekani.

— Namba niliitoa wapi? Imepita miaka. Karani aliniuliza kitu kimoja tu, akaenda kwenye rejista, akarudi nayo.

— Kitu gani?

— Aliniuliza, nani alifungua shauri?

— Sasa hilo ni swali? Mnada alisema. Mwenye talaka si mwanaume!

— Mimi ndiye niliyefungua, kaka. Kwenye rejista jina linaloanza ni la aliyefungua. Na mtu hufungua kule anakokaa, si kule mwenzake anakokaa. Ukikosea hapo utafunuliwa vitabu mpaka macho yaume. Akamgeukia Josephat. Kwa hiyo, fundi, yako nani alifungua?

Wakili alimtazama Mnada. Mnada alimtazama Satelaiti. Satelaiti, kwa mara ya kwanza tangu benchi lipate lile tofali, hakuwa ameona kitu.

— Si Shemasi? Wakili alisema, sauti ikipanda mwishoni.

Josephat alishikilia ndala ya mgeni magotini. Alikuwa anajua jibu tangu siku alipopanda ngazi za ile mahakama ya mjini. Wilhelmina alikuwa amerudi kwao ng'ambo, Sengerema, baada ya yeye kukaa kambi ya wavuvi visiwani miaka miwili, akilewa na kuchangamka, bila hata salamu kwa mke na watoto. Samansi zilimfikia tatu, mwenyekiti wa mtaa akizileta kwa mkono wake. Hakuvuka hata mara moja. Hukumu nayo ililetwa. Akaisoma ukurasa wa kwanza, akaichana vipande vipande, akavitupia ziwani kama mtu anayelisha samaki. Baadaye aliokoka, pombe akaiacha, lakini yule dereva wa lori hakumwacha. Na kama ni kuungama, basi na hili: alikwenda mahakama ya mjini, mara zote mbili, kwa sababu alijua haimo. Alitaka karani aandike kwamba haikupatikana, ampelekee mchungaji maandishi hayo, na Sabina asisome kitu.

— Dada, aliuliza polepole, hiyo nakala huwa ina sababu? Au inasema tu ndoa imevunjwa?

— Ile hukumu yenyewe ina yote. Nani alisema nini, nani hakutokea, hakimu kaona nini. Yangu mimi nikiisoma mpaka leo nalia.

Josephat alifunga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno, akamkabidhi ndala yake.

— Alifungua Wilhelmina, alisema. Sengerema. Mimi sikutokea.

— Shemasi!

— Niacheni nimalize, maana nikinyamaza sasa sitaanza tena. Mwanamke yule hakunikosea. Mimi ndiye niliyemtelekeza na watoto wawili, mimi na pombe yangu. Ng'ombe sikuwasamehe. Walibaki kwa baba yake kwa haki yao, kama alivyosema Ng'washi. Na dereva wa lori hakuwepo. Nilimtunga mimi, hapahapa, asubuhi moja kama hii, kwa kuwa niliona aibu kusema nimeachwa.

Mkaa ulilia jikoni. Wakili alimgeukia Satelaiti taratibu.

— Elias. Wewe si ulisema uliliona?

— Lori niliona, Satelaiti alisema, akijitetea. Dereva ndiye sikumwona.

Hakuna aliyeweza kuzuia kicheko, hata Dorcas, hata Josephat mwenyewe, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. Kilipoisha, Mnada alikaa chini, na kwa mara ya kwanza akasema jambo kwa sauti ambayo ng'ambo ya barabara hawakuisikia.

— Miaka yote hiyo tumelisema jina la mke wa mtu kwenye hili benchi. Na mimi ndiye niliyekuwa nalisema kwa nguvu.

— Nilikupa mimi la kusema, Ng'washi.

Josephat alijifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu. Wote walijua anampigia nani. Wakili alitaka kumwambia angoje kwanza wajadiliane maneno, lakini simu ilikuwa imeshaanza kuita. Alipopokelewa alisema yote tena, hakupunguza: kambi, pombe, samansi tatu, karatasi aliyoitupa ziwani, dereva wa kutunga, na safari mbili za mahakama isiyohusika. Alisema akiwa amesimama wima, kama anavyosimama kutoa ushuhuda kanisani, isipokuwa huko hakuwahi kutoa ushuhuda huu.

Kisha akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Kahawa ya Wakili ilipoa.

— Niko kijiweni, alisema. Ndiyo. Wote wanasikia... Ndiyo, Sabina... Wewe kwanza... Nimekubali.

Alishusha simu.

— Kasemaje? waliuliza watatu kwa pamoja.

— Kauliza wangapi wanasikia. Nikamwambia wote. Kasema vizuri, kwa kuwa Wilhelmina nilimchafua mbele yenu, nimsafishe mbele yenu, na huko kanisani nitajua mwenyewe. Kesho mimi na Sabina tunavuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema. Barua kwa hakimu naandika mimi leo, kwa mkono wangu, mdai Wilhelmina, mdaiwa mimi. Nakala ikitoka anaisoma Sabina wa kwanza, ukurasa kwa ukurasa, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Akimaliza akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake, basi anaipeleka kwa mchungaji yeye mwenyewe. Akinirudishia mkononi, nirudi Mabatini peke yangu.

— Na atafanya lipi? Satelaiti aliuliza. Wewe unamjua, unaonaje?

Wakili alivuta pumzi, kifua kikajaa, mkono ukainuka kama wa mtu mwenye jibu kamili la kisheria. Wakamngoja. Akaushusha mkono, akainua kikombe chake kilichopoa.

— Sijui, alisema Josephat. Ila safari hii naenda inakopatikana. Dada Dorcas, hiyo barua, mwanzoni huwa unaanza na jina lako au na jina la mahakama?

— Sogea, Dorcas alisema, akivaa ndala yake. Lete kalamu.