Mzee Komeo na Lori Lililosubiri Sahihi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Usalama wa Kompyuta, ambaye idara nzima humwita Mzee Komeo, anastaafu leo, tarehe thelathini Juni.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi ambazo mwizi wa faili alilibeba kwapani. Kompyuta zilipokuja, aling'amua kabla yetu sote kwamba faili la hesabu au barua laweza kuficha makro, yaani programu ndogo inayojiendesha faili likifunguliwa, na kwamba si kila abishaye hodi huja kwa heri. Akazizuia zote, isipokuwa zenye sahihi ya kidijitali ya aliyeziunda. Tangu hapo utepe wa njano wa onyo juu ya skrini umekuwa mtumishi mwenzetu, tena asiyekwenda likizo.

Wapo wanaodai alizidisha. Hoja hiyo haina miguu. Kilipoingia kiambatisho kiitwacho "Waliopandishwa Vyeo", wakuu wa vitengo walipanga foleni mlangoni kwake wakiomba wafunguliwe, mmoja akiwa ameshanyoa ndevu kwa ajili ya cheo kipya. Alikataa. Jirani zetu wa ghorofa ya pili walifungua. Kompyuta zao zikafa, wakaandika kwa mkono hadi mvua zilipokwisha, na hakuna aliyepanda cheo.

Wiki hii zamu ikamfikia mwenyewe. Kitengo cha Usafiri kilimtumia faili la kuombea lori la kuhamisha vyombo vyake. Makro imo, sahihi haimo. Akalirudisha.

"Mzee, si ubonyeze Ruhusu tu?" akauliza karani wa usafiri.

"Nitabonyeza, mwanangu. Wewe tia sahihi kwanza."

Likaja vilevile, likarudi vilevile. Nyumbani mkewe alikwisha kufunga hata sufuria. Jana alipiga simu, na kwa kuwa Mzee hupokea kwa spika, sote tulisikia: "Baba Mapacha, lori linakuja, au nije nipikie juu ya kompyuta yako?"

Mkono wake ukaenda kwenye kipanya. Tukageuza shingo. Mkono ukarudi mezani.

Leo asubuhi faili limefika na sahihi, la kwanza kutoka Usafiri tangu kitengo hicho kiundwe. Lori limeegeshwa nje. Bado halijapakiwa, kwa sababu dereva amesahau kitambulisho na Mzee amemrudisha akakilete.

Asante, Mzee Komeo, kwa kutulinda dhidi ya wageni na dhidi yetu wenyewe. Tunakutakia maisha mema, na milango inayofunguka kwa hodi moja. Mama Mapacha, wewe tunakuombea subira.