Nilipomwandikisha Mama Kuwa Hana Ndugu

Bwana asifiwe, wapendwa! Kaeni, kaeni, msisimame. Mama Mchungaji amenipa dakika kumi, na kwa kuwa ananijua amekaa kiti cha mbele kabisa na saa yake mkononi. Wazee wangu, shikamooni. Kwa wageni, mimi ni Mama Kabula, nauza mitumba hapa soko la Kalangalala. Sokoni wananiita Spika kwa sababu ya hili domo. Nikipanda juu ya meza kunadi magauni, hata aliyetumwa chumvi anarudi kwao na gauni. Basi leo naleta ushuhuda wa jambo ambalo domo hili lililinyamazia miaka mitatu.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Ushetu, kwa wakulima wa tumbaku. Baba alilima, na mama yangu, Nyamizi, ndiye aliyekuwa mtu wa bani. Bani ni kile kijumba cha kukaushia tumbaku kwa moshi wa kuni. Moto wake hauachwi uzimike wala hauachwi uwake sana, kwa hiyo mama alikuwa anaingia na kutoka humo kila msimu, tangu mimi nabebwa mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nimjue. Tukiwa watoto hatukuona ajabu. Tulisema ni moshi.

Baba akafariki. Mama akabaki pale nyumbani na kaka yangu Masanja na mke wake. Mimi nikaja Geita kutafuta maisha, nikaokoka, nikaingia kwaya. Mnajua huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu anaitwa nani, sina haja ya kulitamka jina lile mbele ya madhabahu. Kaka alifiwa na mtoto kwa homa. Mwaka uliofuata akafiwa na wa pili. Majirani wakaacha kupokea maji kwa mama. Kaka akanipigia simu akasema, njoo, twende tukaulize.

Nikaenda. Wapendwa, nilikuwa nimeokoka tayari! Nilikuwa naimba sauti ya kwanza! Nilijiambia namsindikiza kaka tu, mimi siamini mambo hayo. Lakini nilikaa kwenye kigoda cha mganga nikiwa nimevaa kitenge cha kwaya, kwa sababu ndicho kilichokuwa safi, nikamtazama anapasua kifaranga na kuangalia ndani. Akasema kinachowala watoto wa Masanja kinalala boma moja nao, na macho yake yanajulikana. Mke wa kaka akaanza kulia. Mimi sikukemea, sikuinuka, sikusema neno. Nililipia ramli nusu kwa nusu na kaka.

Baada ya hapo ikawa mama hawezi kukaa pale. Vijana kilabuni walishaanza kusema waziwazi watakachomfanya. Mtu angeniuliza: Mama Kabula, si ulikuwa na nyumba Geita? Ilikuwepo, vyumba vitatu, na kimoja nilikuwa naweka marobota ya mitumba. Kabula wangu alikuwa na miaka minne. Niliogopa macho ya mama yasije yakamwangukia mwanangu. Huo ndio ukweli, na sitaupaka rangi.

Tukampeleka kwenye makazi ya wazee, upande wa Shinyanga. Sitayataja jina, maana sikuja hapa kushitaki watu. Masanja alibaki nje na baiskeli. Barua ya mtendaji wa kijiji ilieleza kwamba maisha ya bibi yako hatarini, ikaishia hapo. Afisa mfawidhi, yaani mkuu wa pale, akafungua daftari kubwa akaniuliza bibi huyu ana ndugu? Kwa sababu makazi yale yanapokea mzee asiye na mtu. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu, magoti yetu yanagusana.

Nikasema, "Hana. Mimi ni jirani tu, nimemsaidia."

Afisa akaandika: hana ndugu. Akanipongeza kwa moyo wa huruma. Mama yangu Kiswahili anakisikia vizuri, ingawa anapenda kusema Kisukuma. Alisikia kila neno. Hakunitazama. Aliinuka, akachukua kifurushi chake, akamfuata mhudumu.

Miaka mitatu, ndugu zangu. Nilikwenda kumwona mara chache, na sabuni na sukari. Na mama alinishangaza, kwa sababu kila nilipofika, mbele za watu, alikuwa ananipokea kwa Kiswahili: "Karibu, jirani." Ananiuliza hali ya biashara. Ananiuliza mtoto wangu hajambo. Hamtaji jina. Nilikuwa nadhani ananifichia siri yangu. Nilirudi Geita nimepona kidogo, nikaimba Jumapili, nikapiga na vigelegele.

Sasa mwaka jana idara ya wanawake ya kanisa hili mliamua kwenda kutembelea wazee. Mama Mchungaji akataja makazi yale yale. Nilitafuta sababu ya kutokwenda nikakosa. Nani angeamini kwamba Spika anaumwa koo?

Tulipofika, wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uwanjani wakitusubiri. Mama akaitwa aje kupokea kanga yake. Akatembea, akapita pembeni ya Mama Mchungaji, akagonga nguzo ya kibaraza kwa paji la uso. Watu wakamshika. Niliona jicho la kushoto limekuwa jeupe, na la kulia linatiririka machozi, amelifunga kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na mchanga.

Nikamfuata mpaka chumbani. Aliyekuwa analala kitanda cha pili ni Bibi Nkwimba, naye macho yake yalikuwa hivyo hivyo. Huyo ndiye aliyenieleza. Alisema madaktari wa macho walikuja hospitali, kambi ya wiki nzima, gari likaja kuchukua wazee. Walioitwa majina ni wale wenye ndugu wa kwenda kuwauguza. Wenzao wakaambiwa wasubiri. Mwaka uliofuata madaktari wakaja tena, ikawa hivyo hivyo.

Nikamtafuta mhudumu nikiwa na hasira, nimeshakunja kanga kiunoni kwa ugomvi. Alikuwa dada mmoja mwembamba, anafua mashuka peke yake. Akanijibu kwa upole. Alisema hospitali wanataka ndugu asaini fomu, na wanataka ndugu akae wodini, amlishe mgonjwa, amsindikize chooni. Wao wahudumu walikuwa wawili kwa makazi yote. Mmoja akienda wodini, nani atapika, nani atawaogesha wasioinuka? Kwa hiyo utaratibu ulikuwa kwamba asiye na ndugu haendi. Akasema, "Na Bibi Nyamizi hana mtu, dada. Iko kwenye daftari."

Hasira yangu iliishia pale kwenye beseni la mashuka. Nani alisema hana mtu? Si mganga, si serikali, si Masanja. Ni mimi! Mama yangu alikuwa amepoteza jicho kwa sababu ya neno langu moja, na la pili lilikuwa linaelekea huko huko.

Tukaitwa kufunga ziara kwa maombi. Mama Mchungaji, kama kawaida, akasema Mama Kabula atuombee, yeye ana sauti. Wazee wakainamisha vichwa. Nikafungua mdomo, "Baba wa mbinguni," halafu maneno yakagoma. Nilisimama pale, akina mama wakadhani nimeguswa na Roho, wengine wakaanza kusema amina. Nilijua nikisema, kwaya imekwisha, heshima imekwisha, na sokoni watanisema mpaka basi. Na nilijua nikikaa kimya, mama anakuwa kipofu.

Nikasema, "Huyu si jirani yangu. Huyu ni mama yangu mzazi, nilimkana mimi mwenyewe."

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake na vumbi lile. Sikuweza kuomba msamaha, nilikuwa nasema tu, mayu, mayu, yaani mama, kama mtoto. Mama akanyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akakipata. Akaniambia kwa Kisukuma, na nawapa kwa Kiswahili kama alivyosema:

"Nilikuwa nangoja uchoke."

Wapendwa, pale ndipo nilipofunguliwa. Wengine hapa mmetolewa mapepo, mmeponywa magonjwa, sifa kwa Bwana. Mimi nilitolewa hofu ya mama yangu. Niliishika miguu yake na sikuogopa macho yake tena, mpaka leo.

Siku ile ile nilikwenda ofisini. Afisa mfawidhi akalileta daftari, akanipa kalamu. Nikakata yale maneno mawili nikaandika jina langu, na mbele yake: binti. Alinisema kwa ukali na nilistahili. Wiki iliyofuata nilikuwa hospitali na mama.

Daktari alimkunja kope akatuonyesha. Ni ugonjwa, ndugu zangu. Unaitwa trakoma. Unaanza utotoni, inzi na mikono huupitisha kutoka jicho hadi jicho. Ukikaa miaka mingi bila dawa, kope zinajikunja na kuingia ndani, nywele zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Ndio wekundu ule. Wala haukuwa moshi peke yake, sembuse yale mengine. Mama yangu alikwaruzwa na nywele zake mwenyewe miaka yote hiyo, sisi tunapasua vifaranga! Daktari alisema la kushoto limeharibika, la kulia litapona kwa upasuaji mdogo, na kwamba angeletwa kambi ya kwanza huenda mawili yangebaki. Nilimwomba arudie, nikayasikia tena.

Akafanyiwa. Siku bandeji ilipotolewa, aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake, akaniangalia mimi. Nikangoja aseme jambo. Akauliza, "Na Nkwimba?"

Nikamwambia mayu, Nkwimba hana ndugu. Akasema, "Mimi niliambiwa sina na ninaye. Yeye hana kweli. Kwa hiyo yeye afe macho?" Nikasema nitakwenda kusaini kwamba ni shangazi yangu. Mama akakataa. Alisema uongo ndio uliotufikisha hapa, nisiongeze mwingine hata kama ni mzuri. Nikaseme ukweli mahali unaposikika.

Basi nikaanza kwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Njoo Jumatatu. Bwana mkubwa yuko kikaoni. Andika barua. Nikaandika. Barua haionekani, andika nyingine. Hapo ndipo nilimshukuru Mungu kwa hili domo. Nilikwenda na Mama Mchungaji, nikaenda na akina mama sita wa idara, mara ya mwisho nikaenda na mama mwenyewe, jicho moja lina kovu na moja linaona. Mle ofisini hakulia wala hakuomba. Alikaa akamwambia afisa kwamba mzee kukosa ndugu si kosa, na kwamba pale makazini mtu asiye na ndugu anatibiwa chini kuliko ng'ombe, maana ng'ombe akiumwa haulizwi shangazi yake ni nani. Mimi nilitafsiri, sikupunguza kitu. Afisa alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

Hatukupata kila kitu. Wahudumu bado ni wawili. Lakini tulipata barua kwamba afisa mfawidhi anaweza kumsainia mzee asiye na mtu, na kwamba mtu yeyote mwenye nia njema, akijiandikisha, anaruhusiwa kukaa wodini kumwuguza. Wa kwanza kwenda alikuwa Bibi Nkwimba. Aliyemwuguza ni mimi na Mama Mchungaji kwa zamu. Macho yake yote mawili yanaona, na ni mkorofi kweli, alilalamikia uji wangu siku zote nne.

Nilikwenda na Ushetu pia. Niliwaeleza Masanja na mkewe mbele ya majirani alichosema daktari, nikawaeleza na mimi nilivyokaa kwenye kigoda kile. Wengine waliamini. Wengine waliinuka wakaenda zao. Masanja alikuja kumwona mama mwezi uliopita, akakaa mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia.

Kwa kuwa sasa mama ana ndugu kwa maandishi, makazi yale hayamhusu tena. Anakaa kwangu, chumba cha marobota. Ndiye yule pale benchi la dirishani, aliyejifunga kanga ya bluu. Kabula ndiye anayemtia dawa ya macho kila asubuhi.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliosikia aibu yangu mkanipa bado kiti kwaya. Lakini sikusimama kuomba makofi. Katika daftari lile wamebaki wazee tisa walioandikwa hawana ndugu. Mama ananitajia majina yao kila siku kabla ya kula. Kambi ya macho inakuja tena, na wapo wanaoumwa miguu, wapo wanaoumwa vifua. Wanahitaji watu tisa wa kukaa wodini. Jumamosi tunaondoka hapa kanisani saa moja asubuhi, njoo na shuka na kikombe.

Na neno la mwisho, Mama Mchungaji, nimalizie. Huenda katika hao tisa wapo ambao si kweli kwamba hawana mtu. Huenda mtu wao amekaa humu ndani leo, ameimba vizuri tu. Sikuombi unyooshe mkono, wala sitakutazama. Mtumaini Bwana, hajanitupa mimi, hatakutupa wewe. Panda gari Jumamosi kama wengine. Ukifika, mwite mama. Daftari nitakushikia mimi.