Mmbea wa Mama Cheche

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mama mmoja, fundi wa umeme, aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua. Mtaa mzima ulimwita Mama Cheche. Kazi yake ilikuwa umeme, na ulimi wake nao ulikuwa na cheche zake. Mteja akishangaa kuona mwanamke juu ya ngazi, alijibiwa, "Umeme haujawahi kuniuliza."

Anayemlilia sana ni mkwe wake, mume wa bintiye wa pekee, fundi cherehani anayeshonea nyumbani. Mama Cheche ndiye aliyewafungia swichi mpya kwenye boksi lao la umeme. Swichi hiyo hugundua cheche ndani ya waya, kisha hukata umeme. Narudia, wasikilizaji: hugundua cheche. Swichi ya kawaida hukata umeme ukizidi. Waya uliochubuka unaweza kurusha cheche kimyakimya mpaka ukuta ushike moto, na swichi ya kawaida isijue lolote.

Miezi ikapita kwa amani. Halafu vurugu zikaanza. Mkwe akichomeka pasi, umeme unakatika. Akiurudisha, unakatika tena. Akabadilisha pasi, wapi! Nguo zimejaa mikunjo, wateja wamejaa mlangoni. Akaipa swichi jina: Mmbea.

"Mama yako katuwekea mmbea ndani ya nyumba," alimwambia mkewe. "Naing'oa, narudisha ile ya zamani."

Binti akampigia mama yake. Mama akaomba apewe mkwe.

"Baba," alisema, maana ndivyo alivyomwita mkwe wake siku zote, "mmbea anaudhi, najua. Lakini kuna siku anasema kweli. Nisubiri kesho asubuhi."

Mkwe akasubiri. Anasema alisubiri kwa adabu tu, si kwa kuamini.

Asubuhi Mama Cheche akaja na vifaa vyake. Akapima pasi, nzima. Akafungua soketi, nzima. Ndipo akainua macho juu ya kitanda cha mjukuu. Hapo ukutani palikuwa na picha yake mwenyewe, kwenye fremu nzuri. Mkwe alikuwa ameitundika majuzi kumheshimu mama mkwe. Mama akazima umeme, akang'oa msumari. Ncha yake ilikuwa nyeusi, imeungua. Ulikuwa umepenya ukutani na kuchana waya unaopeleka umeme kwenye soketi ya pasi, pale pale mtoto anapolaza kichwa.

Mkwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama Cheche akaitazama picha, akaangua kicheko.

"Baba, mapenzi gani haya ya kutaka kunibanika?"

Kisha akaketi naye sakafuni, akamshika mkono. "Mtoto ni mzima," alimwambia. "Tumshukuru Mungu, tuvute waya mpya."

Waya ukabadilishwa. Mmbea akabaki, na jina lake likabaki. Mama hakumdanganya mtu kwamba swichi ile humaliza hatari zote. Alisema tu kwamba ikikata, usiinyamazishe, tafuta sababu.

Siku ya msiba nyumba ilijaa watu. Birika la umeme likawashwa, umeme ukakatika. Mjomba mmoja akasema, "Swichi mbovu hii, itoeni!"

"Haiguswi," mkwe akasema. Akafunua mkeka. Waya wa birika ulikuwa umebanwa na mguu wa kiti, umechubuka. Akauchomoa. Akatoa simu mfukoni haraka, ampigie mama mkwe kumwambia. Jina lilikuwa limeshatokea kwenye kioo alipokumbuka. Akalia kama mtoto.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole binti, mjukuu na ndugu wote. Nyumbani kwako leo, kuna waya gani unaoupuuza? Nenda kautazame, uite fundi.

Na wewe mkwe, najua unatusikiliza. Simu ile hukuipiga, basi acha tumwambie sisi. Mama Cheche, pumzika. Hitilafu, mkwe wako ameipata mwenyewe.