Bomba na Boriti Kwenye Kioo cha Basi

Walijuana karibu na Rongo, ndani ya basi la Migori kwenda Homa Bay, kwa sababu kila mmoja alibeba michoro iliyokunjwa kama mkeka. Cephas alikuwa amechora nguzo na boriti za bweni jipya la shule ya wasichana pale Rodi. Millicent alikuwa amechora mabomba ya bweni hilohilo. Ofisi zao hazikuwahi kukaa pamoja. Binti yangu anasoma shule hiyo, kwa hiyo nilitega sikio bila aibu kutoka kiti cha nyuma yao.

Millicent alibandika karatasi yake nyembamba juu ya ile ya Cephas kwenye kioo cha dirisha, jua likapenya zote mbili. "Nyaminwa, dada yangu, bomba lako la choo limepita katikati ya boriti yangu!" Cephas akasema. "Basi isogeze," Millicent akajibu. "Niisogeze wapi? Inabeba ghorofa. Ukiitoboa, wasichana wataamkia chini na vitanda vyao." "Na bomba nikilipinda, uchafu utapanda mlima? Injinia, kwenu maji hupanda?"

Mimi nilitaka sakafu na choo, vyote viwili, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Kwani zege linamwagwa lini?" Millicent akauliza. "Leo asubuhi," Cephas akasema polepole.

Basi liliposimama Rodi, mashine ya zege ilikuwa inanguruma ndani ya ua wa shule. "Kawaambie wangoje," Millicent alisema. "Kawaambie wewe, kosa ni la bomba." Wakasimama mlangoni wakitupiana maneno. Nauli yangu ilikuwa ya kufika Homa Bay, lakini niliwasukuma kando wote wawili nikashuka kwanza.