Mzee wa Saa Arobaini na Chumba cha Kulainishia Spika

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye karakana ya duka letu la vifaa vya sauti, Fundi Mkuu anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Aliyeombwa kuandika habari zake ni mimi, mtunza stoo, niliyembebea maboksi ya spika kwa miaka kumi na tisa. Mkisikia mgongo ukilalamika katikati ya maneno, mnivumilie.

Alianza kwa kuchomea nyaya za redio, akapanda mpaka kuongoza mafundi sita. Ndiye aliyeifungua spika iliyokoroma miezi mitatu ikawashinda mafundi wa kila mtaa, akakuta ndani yake kifungo cha shati. Kifungo hicho anacho mpaka leo, na mwenye shati hajajitokeza.

Jina la Mzee wa Saa Arobaini lilitokana na imani yake kwamba spika mpya ni kama kiatu kipya, haikai sawa mpaka itumike. Kila spika ilipita kwanza chumba cha nyuma, ikapigwa redio saa arobaini chini ya kibao alichokiandika mwenyewe: ZINALAINIKA, MSIZIME. Ikawa desturi kwamba anayefunga duka huunganisha na redio kila spika anayoikuta humo. Na mteja aliyerudi kulalamika kuwa sauti ni kavu aliambiwa azipe wiki mbili zaidi. Karibu wote hawakurudi tena.

Mwaka huu alipoanza kukabidhi kazi, fundi atakayeshika nafasi yake, mama asiyekubali kitu bila kukipima, aliuliza tunajuaje kwamba zinalainika. Sisi wengine tukaanza kukohoa. Fundi Mkuu hakukasirika. Alisema hawezi kumrithisha mtu ushauri ambao yeye mwenyewe hajauhakiki, na akataka jibu kabla ya siku yake ya mwisho, hata kama jibu lingemwambia kwamba kwa miaka thelathini na mmoja aliwashauri watu vibaya.

Tulichukua jozi mbili za spika za aina moja. Ya kwanza ilipigwa saa arobaini. Ya pili ilibaki kwenye boksi mpaka Ijumaa jioni, nilipoitoa na kuiweka chumba cha nyuma tayari kwa Jumatatu. Jumatatu asubuhi Fundi Mkuu alikaa mbele ya pazia, akasikiliza, akaeleza tofauti bila kusita: hii imefunguka, ile bado imebana pumzi. Tuliandika kila neno. Ndipo keshia, aliyefunga duka Ijumaa, akatuambia kwamba aliikuta jozi haijaunganishwa, akaiunganisha na redio kama kawaida. Jozi zote mbili zilikuwa zimekwisha kulainishwa.

Mimi niliangalia viatu vyangu. Kisha Fundi Mkuu akaomba boksi jingine lifunguliwe palepale.

Safari hii nilirusha sarafu nyuma ya pazia mara ishirini kuchagua jozi ya kupiga. Alipatia mara tisa. Mtu anayebahatisha tu angepata kama kumi. Mashine ya kupimia ilionyesha kwamba koni mpya, ile ngozi ya spika inayotetemeka, hulegea kidogo dakika za mwanzo, kwa hiyo hakuwa ameota, ila masikio yetu hayakuikamata tofauti hiyo. Alituonya pia kwamba jaribio moja si mwisho wa habari. Halafu akavua miwani.

“Kumbe miaka yote hii nilikuwa namlainisha mteja, si spika,” alisema.

Alicheka mpaka akashika meza. Tulicheka naye, ingawa nilijua inamuuma, na sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu asubuhi ile.

Chumba hakikufungwa. Daftari lake linaonyesha spika sitini na tatu zilizokufa humo kabla hazijamfikia mteja, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Kibao alikibandua mwenyewe, akaandika kingine: TUNAZIPIMA, MSIZIME.

Sasa yuko nyumbani akimalizia likizo yake. Juzi shemeji yetu, mkewe, alipiga simu dukani.

“Huyu mtu wenu amepanga upya kabati langu la vyombo, na sasa anasikiliza friji. Nimfanye nini?”

Nilimwambia ampe wiki mbili.

Fundi Mkuu, asante kwa masikio yako, na kwa kukubali yakosee mbele yetu sote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku zisizo na haraka. Usihangaike sana na maisha mapya. Kwa matokeo ya jaribio lako mwenyewe, wewe hutalainika. Ni wa nyumbani watakaokuzoea, kama tulivyokuzoea sisi.