Aliyewasha Ndiye Azime: Tunamuaga Mama Pudensiana Lyamba

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Pudensiana Lyamba wa maabara yetu hapa Mpanda anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Nimeombwa niandike maneno mazuri. Nitajaribu, ingawa mama huyu ametuchosha.

Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara, akasoma, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha bakteria. Hadi hapo hatuna ugomvi naye. Balaa lilianza aliporudi kutoka mafunzoni Mwanza na habari za ishara zinazopita ndani ya mwili wa bakteria. Alituhubiria wakati wa chai, kwenye vikao, hata msibani Ilembo: protini moja huhisi hali ya nje na kuwasha ishara ndani, na ni hiyohiyo inayoizima. Kwa kuwa mwashaji na mzimaji ni mmoja, hata protini hizo zikizidi au kupungua, ujumbe haupotoki.

Sisi tulimaliza chai tukasahau. Yeye akaifanya sheria ya maabara: aliyepiga simu wodini kutoa tahadhari ndiye huyohuyo wa kuitengua. Uwe likizo, uwe harusini, utafuatwa.

Msimu wa mvua uliopita, mwenzetu wa maabara Deusdedit alitoa tahadhari kwamba damu ya binti mdogo wa Mzee Mwandu, mfugaji wa Kabungu, ina bakteria. Mtoto akaanzishiwa sindano. Deusdedit akaenda zake Magamba kupalilia mahindi, simu haipatikani. Huku nyuma chupa ya pili ya damu ileile haikuotesha kitu. Tukaona ya kwanza iliingiwa tu na bakteria wa nje wakati wa kutoa damu. Daktari alitaka kusimamisha dawa, anasubiri neno letu. Mama Lyamba akagoma. Tulimbembeleza, tukanuna, wapi. Bodaboda ikatumwa Magamba kwenye tope.

Deusdedit aliingia na matope hadi magotini, akauliza jambo moja: "Nyie, hiyo chupa mliiweka inkubeta ipi?"

Ya dirishani, kati ya makabati yetu ya joto ya kuoteshea bakteria. Ile ambayo umeme ukikatika na kurudi, yenyewe hukaa baridi hadi mtu abonyeze kitufe. Yeye alikuwa ameihamisha ile chupa ya kwanza kwa sababu hiyo. Tulipoipasha joto ya pili, bakteria wakaota. Sindano hazikusimama, na binti wa Mwandu alitoka wodini kwa miguu yake. Inaudhi sana mtu msumbufu anapokuwa sahihi.

Sasa huyu mama ndiye aliyetangaza mwenyewe, kikaoni, kwamba anastaafu. Kwa sheria yake, hakuna mwingine anayeweza kulitengua tangazo hilo. Tumemvizia wiki nzima, tumemnunulia hadi maandazi. Asubuhi hii amekabidhi funguo, akaenda kubonyeza kitufe cha inkubeta ya dirishani, akavua koti.

Asante, Mama Lyamba. Ustaafu mwema, uishi kwa afya na furaha. Ukibadili mawazo, unajua nani anatakiwa kupiga simu.